Daftari la Injini ya Kulala

Jioni ile nilirudi gereji kuchukua miwani. Nimejua kusoma nikiwa na miaka hamsini na tatu, darasa la watu wazima, na sasa sipitwi na kitu. Hata kopo la grisi nalisoma.

Miwani ilikuwa mezani. Chini yake kulikuwa na daftari.

Daftari la kaka.

Lile daftari liliungua pamoja naye.

Kaka ndiye aliyekuwa fundi mkuu hapa. Miaka tisa iliyopita aliniachia nifunge injini ya kulala, ile ambayo pistoni zake zimelala ubavuni, zinatazamana kama mabondia. Aliipenda mno.

"Mdogo wangu, uzito wake uko chini, kwenye kona gari limetulia tuli. Na mtikisiko, pistoni zinaumaliza zenyewe kwa zenyewe. Shida yake vifuniko vya juu, yaani hedi, viko viwili, gasketi za kuzuia maji na oili mbili, oili inapenda kuvuja, na plagi zimejificha mpaka zikuchune vidole. Lakini ukiifunga vizuri, itadumu mpaka ikuzike."

Akaniandikia hatua zote kwenye daftari. Nikapitisha kidole kwenye mistari, nikatikisa kichwa kama msomi.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, kaka."

Sikuijua hata a. Nikafunga kwa mazoea.

Kesho yake kaka akaliendesha gari kumpelekea mwenye nalo. Mteremkoni injini ikachemka, ikakwama ghafla. Gari likapinduka, likawaka. Msibani watu waliponiuliza, nikasema alikuwa amelewa.

Mkewe akaacha kulia palepale.

Sasa nimesimama na daftari mkononi, nikasikia mngurumo. Mzito, wa chini chini...

Bu-bu-bu-bu...

Gari likaingia bila taa. Likasimama juu ya shimo la kukagulia magari. Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka ikajaa gereji, tamu, nzito.

Kioo cha dereva kikashuka.

"Mdogo wangu... nisomee."

Nikavaa miwani. Herufi nilizijua zote.

"Kaza boliti za hedi kwa zamu, anza na za kati. Halafu... halafu legeza zote. Kisha kaza upya."

"Wewe ulifanyaje?"

"Nilianzia pembeni. Nikakaza mara moja tu."

"Kwa nini?"

"Sikujua kusoma, kaka. Niliona aibu."

"Na ulevi?"

Kitu kikadondoka chini ya boneti. Tii... tii...

"Sema kwa sauti."

"Hukuwa umelewa! Nilisema uongo!"

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Akashuka shemeji, mke wa kaka. Yuko peku, vidole vimejaa unga mbichi. Kutoka kwake hadi hapa ni saa mbili kwa basi.

"Alinifuata jikoni," akanong'ona. "Akasema, twende ukasikie."

Nikageuka. Shimo lilikuwa wazi. Hakuna gari.

"Miaka tisa," shemeji akasema, "nimewaambia wanangu wasije wakafanana na baba yao. Kesho utakuja kuwaeleza mwenyewe."

Nikaenda, nikawaeleza ukweli wote. Nikawasomea daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, bila kukwama hata neno moja. Mungu anisamehe, kidogo nilijivuna. Nikaona nimetua mzigo, yameisha.

Wadogo walilia. Binti yao mkubwa hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaanza kuvaa viatu.

"Baba mdogo, baba alipita kwangu leo alfajiri."

"Alisemaje?"

"Ameuliza unalala chumba gani."

"Na wewe... ukamwambia?"

Akafunga kamba za viatu, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Ni baba yangu," akasema. "Ningemficha nini?"