Bado Kuna Mmoja Nyuma

Msusi wa mtaa wetu alikuwa mnene wa kupendeza, mwenye mdomo usiojua likizo. Siku alipotangaza saluni kwamba ameanza kujiandaa kwa mbio ndefu za mwisho wa mwaka, wateja walicheka hadi mmoja akajiunguza sikio kwa pasi ya nywele. Yeye mwenyewe alicheka. Lakini daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: presha hii itakuangusha kama ilivyomwangusha mama yako. Na mama alipofariki alimwachia msusi mdogo wake wa kike amlee, mtoto mwenye pumu. Sasa mtoto huyo alikuwa msichana mkubwa anayesomea ushonaji, ila kwa dada mtu alikuwa bado mtoto. "Nikiondoka mimi, nani ataamka usiku kumsaidia akikosa pumzi?" alisema, akaenda kununua raba.

Alijiunga na kundi la wakimbiaji lililokutana kila jioni, jua likiwa bado kali, kwenye barabara ya changarawe inayofuata bomba la maji. Kocha wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alimpa sheria moja tu. Wa mbele wakifika nyumba ya pampu wanageuka, wanarudi kumchukua wa mwisho, halafu wote wanamaliza pamoja.

"Hapa hatuachi mtu," alisema. Msusi akaliona jambo hilo ni la utu, akalipenda kundi siku hiyo hiyo.

Aliachwa, bila shaka. Wenzake walipotelea konani, naye akabaki akijikokota na kuilaani mihogo yote aliyowahi kula. Ndipo aliposikia miguu nyuma yake. Ilikuwa mizito, ya kuburuza, ya mtu aliyechoka kuliko yeye. Alifurahi, na nani asingefurahi? Bila kugeuka, akaongea kama anavyoongea na mteja mwenye kichwa kinachouma.

"Jikaze, mwenzangu. Ukinipita tutakosana. Nishike, twende."

Hakujibiwa. Ila miguu iliongeza mwendo.

Kundi lilirudi kumchukua. Walikuja macho chini, kama watu waliodondosha sindano, wakamzunguka na kugeuka haraka. Msusi akawaambia kwa pumzi za kukatika, "Bado kuna mmoja nyuma." Hakuna aliyeuliza ni nani. Nesi wa zahanati, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikimbia pembeni ya kocha, alimshika mkono na kumvuta.

Alipofika nyumbani aligeuka kwa mara ya kwanza. Barabara ilikuwa tupu, na jirani alikuwa akianua nguo zake. Msusi akajicheka, akaenda kuoga.

Lakini kesho yake miguu ilikuwepo. Na keshokutwa. Kila jioni ilisogea. Akigeuka, hapakuwa na mtu. Akitazama mbele, iliendelea. Punde akaanza kusikia na pumzi, ndefu, yenye mluzi ndani yake. Kisha akaanza kuihisi kisogoni. Ilikuwa baridi. Kifua chake, ambacho mazoezi yalipaswa kukipunguzia mzigo, kikawa kizito hata akiwa amekaa.

Nesi alikuja saluni kusukwa. Hakukuwa na mteja mwingine. Kichwa kikiwa nusu kimesukwa, alinong'ona akitazama sakafu.

"Ulimsemesha?"

"Nani?"

"Wa nyuma."

Msusi akaacha kitana hewani. "Nilimwambia anishike."

Nesi akafumba macho. Akasimulia kwa sauti ya chini kwamba zamani kundi lilikuwa na fundi rangi, mtu mzima, mzito wa mbio. Jioni moja ya mvua hawakurudi kumchukua. Kila mmoja alijiambia kwamba atakuwa amekatisha kwenda kwake. Asubuhi walimkuta ameketi kando ya bomba, amekauka, uso umeelekea walikokwenda. Sheria ya kurudi ilianza baada ya hapo, nayo ilikuwa imechelewa.

"Kila wa mwisho humsikia. Kabla yako alikuwa mshona viatu. Alilala, hakuamka."

"Kwa nini msiache kukimbia?"

"Tuliacha. Akaja majumbani. Tukikimbia, anabaki barabarani."

"Na mimi nifanye nini?"

"Apatikane wa nyuma yako," nesi alisema. "Ndiyo maana kocha hupokea wapya."

Msusi alitaka kumfukuza na nywele zake nusu. Alikasirika, lakini akamaliza kusuka kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Na jioni akaenda kukimbia. Alijua asipokwenda, wa nyuma angemfuata hadi chumba anacholala na mdogo wake.

Kisha ikaja jioni ambayo nyuma yake palikuwa kimya.

Alisikiliza. Hakuna miguu, hakuna pumzi. Kifua kilifunguka. Alikimbia kama hajawahi kukimbia, akaiona nyumba ya pampu kwa mara ya kwanza akiwa na wenzake, akacheka kwa sauti na kumpiga nesi bega. Nesi hakucheka. Ndipo msusi alipotambua maana ya ule ukimya.

"Nani yuko nyuma?" aliuliza.

Kocha alikuwa akifunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa. "Kuna binti amejiunga leo, kaanza nyuma yetu. Alitaka kukushtukiza. Anasema ni mdogo wako."

Msusi alishageuka.

Alimkuta njiani, mkono kifuani, anatembea. Mluzi wa kifua chake ulisikika kutoka mbali. Ila mluzi ulikuwa wa watu wawili.

"Dada," msichana alisema akitabasamu, "kuna mtu ananifuata, hataki hata kusalimia."

"Umemwambia neno?"

"Bado. Nilitaka kumngoja."

"Usimngoje. Usigeuke. Tangulia."

"Na wewe?"

"Nakuja nyuma yako. Kimbia, mdogo wangu."

Akampisha. Akasimama kati yake na ile barabara tupu. Pumzi ya baridi ikamkaa usoni. Aliogopa, aliogopa sana. Kisha akaanza kukimbia nyuma ya mdogo wake, taratibu, akimtania juu ya mbio zake za bata ili asikie sauti yake.

Msichana alifika nyumba ya pampu akicheka. "Dada amenichekesha njia nzima," aliwaambia. "Huyo hapo nyuma yangu."

Walitazama. Barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu. Safari hii kocha alitangulia kurudi, naye hakutazama chini. Walimkuta msusi mbali kule, pale pale walipopishana, ameketi kando ya bomba, uso umeelekea alikokwenda mdogo wake. Nesi alimgusa shingo. Akasema huyu amepoa kitambo.

Kundi lilivunjika wiki hiyo hiyo, na hakuna aliyefuatwa nyumbani. Mdogo mtu peke yake ndiye anayekimbia bado. Dawa yake ya kuvuta imekwisha muda kabatini bila kuguswa. Huondoka nywele amezitimua tu, hajazisuka tangu msiba. Akirudi hujipapasa kisogoni mbele ya kioo, na kila jioni hukuta msuko mmoja mwembamba, umebanwa vizuri, mafuta bado mabichi. Haufumui.