Saa Tano Kutoka Dubai

Sanduku la marehemu Bi Ibtihal lilikutwa wazi Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, watu wakiwa ndiyo kwanza wamerudi kutoka kumzika. Hati ya wakfu ya nyumba haikuwamo.

Inspekta Mueni alifika hapo Magongo, Changamwe, saa kumi, akiwa hajalala tangu juzi. Alikuwa amechoka na kazi, na amechoka zaidi na watu wanaoibiana msibani. Mlango wa uani wa chumba cha marehemu haukuvunjwa. Funguo zake zilikuwa tatu tu: mmoja wa Kanze, mtumishi aliyemuuguza marehemu miaka sita, na mbili za wana wa marehemu, Abdulhakim na Bassam.

Majirani walikuwa wameshamhukumu Kanze. Alikalishwa ndani ya gari la polisi.

"Ulikuwa wapi kati ya saa saba na saa nane?"

"Jikoni, afande, napika chai ya wageni. Kina mama walikuwa sebuleni wanasoma. Chumba cha Bibi sikukifungua. Mkinifunga, wanangu watalelewa na nani?"

Mueni alitaka sana kumwamini. Lakini hakuwa na ushahidi.

"Wallahi mimi nalikuwa kaburini," alisema Abdulhakim, mwana mkubwa. "Nilishuka mwenyewe kumlaza mama. Msikiti mzima umeniona."

"Na mdogo wako?"

"Alikuwa angani. Alinipigia asubuhi: ndege yaondoka Dubai saa tatu, safari ni saa tano, atua saa nane. Hatukuweza kumweka mama hata hapo, tukazika baada ya adhuhuri."

Bassam, aliyeingia nyumbani saa nane na nusu, alitoa kipande cha tiketi yake, kilichoandikwa saa ya kuondoka tu. "Kilomita elfu tatu na mia sita na zaidi, afande. Ningeiba vipi nami niko juu ya bahari?"

Mueni akahesabu kwa vidole kuanzia saa tatu. Saa nane, sawasawa. Akaenda mlangoni kumwambia askari ampeleke Kanze kituoni, miguu ikimuuma, kisha akasimama.

"Hiyo saa tatu ni ya wapi?"

"Ya Dubai," alisema Bassam.

"Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Kwao ikiwa saa tatu, hapa ni saa mbili."

Akapiga simu uwanja wa ndege. Ndege ilitua saa saba kasoro dakika tano. Kamera zilimwonyesha Bassam akipanda teksi saa saba na robo, na begi moja tu begani.

"Toka hapo mpaka hapa ni dakika kumi," Mueni alisema. "Ulikuwa wapi mpaka saa nane na nusu?"

Bassam akalivuta begi lake karibu. Hati ilikutwa begini mwake, ndani ya kanzu iliyokunjwa.

"Nilikuwa nimeshapata mnunuzi," alisema mwishowe. "Mama akaiweka nyumba wakfu, isiuzwe milele. Karatasi ilikuwa bado haijafika kwa kadhi. Niliwaambia saa nane ili msinitafute."

Mueni akamfungulia Kanze mlango wa gari. Kanze alishuka akilia, na Abdulhakim akamwomba radhi mbele ya majirani wote. Kisha akamgeukia nduguye.

"Kaburi tulilifukia saa nane kasorobo," alisema. "Ungewahi, Bassam. Ungewahi kumzika mama."