Mashuka ya Chumba 8214

Mimi ni dobi. Kwa miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya watalii kwenye meli zinazotoka Brisbane kwenda Noumea na visiwa vya mbele yake. Haya ninayoyasimulia yalimpata mpwa wangu Jerson, mtoto wa dada yangu Nenita wa pale kwetu Guimbal, mkoani Iloilo. Kazi nilimtafutia mimi mwenyewe. Siku tunaondoka, dada alinishika mkono kituo cha basi akasema, "Crispo, mwanangu ndiye huyo. Nirudishie akiwa mzima." Nikamcheka. Nikamwambia anakwenda kutandika vitanda, haendi vitani.

Siku yetu ya tatu baharini ilianza vizuri. Kwenye bwalo la wafanyakazi tulikula wali wa kitunguu saumu na samaki mkavu, na Jerson, mhudumu wa vyumba vya sitaha ya nane, alikuwa akitutania.

"Mjomba, punguza wali, utashindwa kupita mlangoni."

"Na wewe punguza mdomo."

Akacheka, kisha akanisogelea. "Yule mzee wa 8214 anampiga mkewe. Bibi wa watu anavaa mikono mirefu kwenye joto hili."

Nikamwambia atandike kitanda na afunge mdomo. Mambo ya wageni awaachie wageni. Ndivyo tunavyofundishana sisi wa huko chini, na mpaka leo najuta.

Saa nne asubuhi Jerson aligonga 8214, hakujibiwa, akaingia. Bibi alikuwa amejikunyata pembeni, damu inamchuruzika puani. Mzee alikuwa kitandani kifudifudi, mkono wa kulia umekunja ngumi. Moyo ulimsimama akiwa katikati ya kumpiga mkewe. Daktari alijaribu kuifungua ile ngumi, akaita na wasaidizi wawili, ikakataa. Jerson na wenzake watatu wakamshusha hivyohivyo mpaka chumba cha maiti, jirani na stoo ya maua.

Kwetu Iloilo mtu akitoka kwa maiti harudi moja kwa moja anapolala. Hupita kwanza mahali pengine, dukani au mgahawani, akae kidogo, ajikung'ute. Marehemu akikufuata, abaki hukohuko. Ukienda kwako moja kwa moja, umempeleka kwako. Kwenye meli tunatumia bwalo. Nilisimama mlangoni mwenyewe kuhakikisha wale vijana wanne wamekaa. Walikunywa kahawa, wakaacha kikombe kimoja kimejaa kwa ajili ya marehemu, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Nikaridhika kabisa.

Nikarudi kazini. Saa saba ukaletwa mfuko mwekundu wa 8214. Mifuko hiyo huyeyuka ndani ya mashine, ili mtu asiguse kilichomo, lakini huu ulikuja umepasuka. Nikayakusanya yale mashuka kwa mikono, nikayasukumia mashineni. Zamu yangu iliisha saa nane mchana. Nikashuka chumbani nikalala.

Chumba chetu kiko chini ya usawa wa maji. Hakina dirisha. Ukizima taa, saa tisa alasiri ni giza totoro. Mimi hulala kitanda cha chini, Jerson cha juu, na mchana huo naye alikuwa kwenye mapumziko yake.

Niliamshwa na mtu anayelia kwa kuziba mdomo. Nikawasha taa. Jerson alikuwa sakafuni, mdomo wa chini umechanika, fulana imelowa damu.

"Umeanguka?"

Alijivuta nyuma, mbali nami. "Ndiyo, Mjomba. Nimeanguka."

Kesho yake, saa ileile, nikamkuta amekaa ameegemea mlango. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Nilimbeba mpaka kwa daktari, na huko Jerson akasema tena kwamba ameanguka.

Thapa, mkuu wa walinzi, Mnepali aliyewahi kuwa mwanajeshi, akaniita ofisini.

"Crispo, una ugomvi na huyo kijana?"

"Afande, huyo ni damu yangu."

"Hao wa damu ndio ninaowafungia kila safari. Nimeangalia kamera ya korido. Kwenye chumba chenu hajaingia mtu mwingine."

Nilijua si binadamu. Nilijua mzee wa 8214 amemfuata mpwa wangu, kikombe cha kahawa hakikutosha, na zilibaki siku mbili kufika bandarini. Nikamtundikia Jerson rozari yangu kitandani. Nikamwambia nitakesha naye, hatafungua macho bila kuniona.

Hapo ndipo alipoanza kulia.

"Usikeshe nami, Mjomba."

"Unaogopa nini? Sema. Umemwona?"

Alisogea mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akanong'ona, "Mjomba, ni wewe."

Sikumwelewa.

"Unaniburuta kutoka juu. Macho yako wazi. Unaongea Kiingereza cha yule mzee. Unaniita Beryl."

"Beryl ni nani?"

"Mke wake."

Nikatazama mikono yangu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba na kuchubuka. Tangu jana nilidhani ni sabuni ya mashine.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Umenitafutia kazi. Ningemwambia nini mama?"

Basi nikakumbuka ule mfuko. Nimewasimamia wengine wajikung'ute, mimi niliyekumbatia shuka alilofia nimekwenda kulala moja kwa moja. Niliona aibu.

Kwenda kwa Thapa niliogopa. Hilo ndilo kosa langu la pili. Nilidhani tutalimaliza wenyewe, kifamilia. Nilikwenda bwaloni, nikakaa, nikajikung'uta, nikajiona mjinga. Kisha nikachana shuka vipande, nikamwambia Jerson anifunge mikono na miguu kwenye chuma cha kitanda na aende akalale kwa wenzake.

"Ukiamka na kiu je?"

"Toka, Jerson."

Alinifunga. Akazima taa. Nikasikia mlango umefungwa.

Sikujua kwamba amebaki ndani. Hakutaka kuniacha peke yangu.

Niliamka nikiwa nimepiga magoti. Vipande vya shuka vinaning'inia mikononi. Chini yangu kuna kitu kinatapatapa. Kitu laini. Chenye joto. Vidole gumba vyangu vilikuwa kooni mwake. Nilitaka kuviondoa. Havikuondoka. Nilisikia mdomo wangu ukitukana, kwa sauti nzito isiyo yangu, na Jerson akakoroma, na visigino vyake vikapiga sakafu. Mara moja. Mara mbili. Vikatulia.

Mlango ukavunjwa. Rungu la Thapa likanishukia mgongoni, begani, kichwani. Nilimshukuru kwa kila pigo. La mwisho ndilo lililonitoa shingoni mwa Jerson.

Jerson alipumua tena mikononi mwa daktari. Sauti yake haikurudi sawa, anaongea kama mwenye mafua, lakini anapumua. Mimi nilifungiwa. Niliwaeleza ukweli, wakaniandikia dawa ya usingizi. Mkono wangu wa kulia ulikunja ngumi na haukufunguka mpaka tulipotia nanga Noumea na jeneza la mzee likashushwa. Nilishushwa baada yake, kwa ngazi ileile. Jerson alikataa kunishtaki, kwa hiyo nilifukuzwa kazi tu.

Safari hii sikufanya haraka. Nilikaa mgahawani Noumea mpaka wakanifukuza. Nilikaa Manila siku nne nzima. Nilishuka kwenye basi kila mji, nikaketi, nikala, nikajikung'uta, nikasubiri basi jingine. Guimbal nilifika mchana kweupe, mwepesi, nikalala kama mtoto. Wiki mbili nikalala hivyo. Mikono safi, hakuna mchubuko. Dada Nenita alikuja akanikumbatia, akasema mwanawe amempigia simu, anaendelea vizuri. Nikajua nimemrudishia.

Jana asubuhi nilimkuta mke wangu Editha jikoni, amenipa mgongo, anakoroga chai. Nilimwita mara mbili ndipo akageuka. Jino la mbele halipo na shavu limevimba.

"Nimeteleza bafuni," akasema, akacheka kidogo, akaziba mdomo kwa mkono.

Nikaenda kutazama. Mvua haijanyesha wiki nzima, maji ya bomba yamekatika tangu juzi. Sakafu ya bafu ilikuwa kavu.