Farasi wa kwa Bharat

Vaileth, binti wa miaka sita wa Solomoni, fundi mageti wa Ngarenaro, alianza kwa kuuzunguka mtungi wa gesi uani. Saa kumi alasiri, mkono wa kushoto juu, vidole vimekunjwa kama ameshika nguzo. Lydia, mama yake, akadhani mchezo. Ila mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyekuwa anakaanga bisi, na uani palinukia bisi na grisi.

Siku ya tano mtoto alizunguka hadi giza likaingia, nyayo zimechubuka, anacheka. Hospitali wakampa dawa ya usingizi, akazunguka amelala. Wanamaombi wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kiongozi wao, jamaa wa miraba minne anayejisifu kwamba pepo wote wa Arusha wanamjua, alimwuliza jini jina lake. Alipojibiwa kwa sauti nzito ya kiume kutoka kwenye kile kifua kidogo, aliondoka na kiatu kimoja.

Sauti ilisema, "Mmekata farasi wangu na mimi sijashuka."

Solomoni akakaa chini. Alijua anaambiwa yeye.

Ukikulia Arusha na siku ya Krismasi hukupanda farasi wa kuzunguka wa kwa Bharat, nyamaza tu, wewe ulikulia shimoni. Farasi kumi na wawili wa chuma, na yule mwekundu mwenye sikio lililovunjika tulimpigania hadi tukachaniana mashati. Bharat alipofariki uwanja ukauzwa, leo ni maegesho ya malori, na aliyeitwa kuwakatakata farasi ni Solomoni. Kengele ya shaba aliifungua kwanza, akaipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Chuma cha farasi mwekundu akakichomelea kitanda cha mwanawe.

Akakimbilia kwa Pramila, mjane wa Bharat, kwenye duka lake la vitambaa, akamwamkia na kumsimulia yote. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Akamweleza kwamba marehemu hakuwahi kuzima mashine bila kugonga kengele mara tatu, watu washuke, na kwamba chuma chochote kinacholia kitafaa. Halafu akamshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Mzunguko wa mwisho, funga geti kwanza, kengele baadaye. Geti likiwa wazi, hawa wakishuka wanapanda wengine."

Sasa huyu fundi, ambaye mageti yake yanang'aa mpaka Njiro, uani kwake pa kuweka geti ni pengo tupu mwaka wa tatu huu, na mkewe anaahidiwa kila mwezi.

Alining'iniza rimu ya gari kwenye boriti, kama kengele za makanisa ya Nkoaranga, akatazama lile pengo lililojaa watoto wa mtaa ambao amewafukuza mara nne na mara nne wamerudi kuchungulia, akatazama geti la mteja lililoegemea ukuta, ambalo kulisimamisha ni kazi ya saa nzima, akamtazama Vaileth, ambaye sasa hakucheka tena, midomo imekuwa ya kijivu, kichwa kimelegea begani, magoti yamekunjika na miguu haigusi chini kabisa, na bado anazunguka, anapanda na kushuka, anapanda na kushuka.

"Baba Vaileth, piga," Lydia alinong'ona. "Mtoto anakwisha."

"Geti, mama Vaileth."

"Piga."

Akapiga mara tatu. Vaileth akatua chini, mkono ukashuka, akaomba maji. Lydia akamkumbatia palepale vumbini, na Solomoni akaanza kucheka kama mwehu, machozi yanamtoka, mpaka harufu ya bisi ilipomfikia tena puani.

Wakageukia lile pengo.

Watoto hawakuwa wanasukumana tena. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, kimya, hadi barabarani. Wa mbele, Elieshi wa jirani, akaingia uani taratibu, akainua mkono wa kushoto juu na kukunja vidole.