Kitambaa Chekundu cha Bibi Harusi

"Fungua koki! Yote yamwagwe!"

Mkaguzi alisema mara moja tu. Karani wa kituo akafungua koki ya tangi, na maziwa ya asubuhi ya kikundi kizima yakamiminika kwenye mtaro huku sisi wenyewe tukiyatazama.

"Mungu wangu, ada ya mwanangu hiyo inakwenda!" mama mmoja akapiga kelele.

"Afadhali yako ada. Yangu mimi ni pumba za kukopa!"

Na uchungu zaidi ni kwamba siku hiyo tulikuwa tumeitwa kwenye semina ya usafi. Mkaguzi alitaka tu kutuonyesha jinsi kijiti cha kupimia kinavyofanya kazi, akakichovya kwenye tangi letu wenyewe. Kijiti kikasema maziwa yana dawa.

"Kuna mtu amekamua ng'ombe aliyechomwa sindano, akachanganya," mkaguzi alisema. "Mnajua mtoto akinywa dawa hii kila siku, siku akiumwa kweli haimsaidii tena?"

Karani huwa anaweka kichupa kimoja cha maziwa ya kila nyumba. Mkaguzi akavipima vyote. Kijiti kilipoonyesha dawa kwenye kimoja, wote tukageuka kumtazama Bosi, mwenye kichupa.

Bosi ndilo jina tulilompa mama huyu, maana ana ng'ombe wanne na sauti ya watu kumi. Ndiye aliyetoka nyumbani alfajiri kuja kusugua tangi na kupanga mabenchi ya semina hiyohiyo.

"Haiwezekani," akasema. "Ng'ombe wangu mgonjwa nimemfunga kitambaa chekundu mguuni. Kila mtu kwangu anajua, mwenye kitambaa maziwa yake yanamwagwa."

"Kesho asubuhi tutakutana hapahapa," mkaguzi akajibu. "Aliyefanya asimame aeleze ilikuwaje. Asiposimama, namba ya nyumba yenu inafutwa. Mtauza maziwa yenu kwa paka."

Hapa nchini kwetu wafugaji wadogo tunajua maana ya kufutwa namba. Ni kuvunja banda ukauze mabati.

* * *

Nyumba ya Bosi na yangu zinatenganishwa na uzio wa miti tu, na mchana ule hata kiziwi angesikia.

"Mama, nilikuambia nini jana? Sikukuambia mwenye kitambaa mwaga?"

Mama mkwe wake ndiye aliyekamua asubuhi ile, kumsaidia.

"Uliniambia. Na mimi nikatafuta kitambaa miguu yote kumi na sita, sikukiona! Nikasema basi, ng'ombe kapona."

"Nilikifunga kwa mikono yangu hii!"

"Basi kimekwenda semina na wewe! Usinifanye mimi kipofu, mkwe wangu. Nimekamua ng'ombe kabla wewe hujajua kufunga nepi."

"Ndiyo hayo, kujua kwenu kwa zamani ndiko kumetumaliza!"

"Unamsikia mkeo?" Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Unasikia ninavyotukanwa uani kwako?"

Mume wa Bosi tunamwita Mpole. Miaka yote ya ndoa yao sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa banda anagongea mpini wa uma wa kukusanyia majani, mpini ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Nyote mna haki," akasema, bila kuinua kichwa.

"Haki gani?" Bosi akamvaa. "Mmoja wetu ni mwongo! Sema ni nani!"

"Hasira haijengi, mama watoto."

Mama mkwe akajifunga khanga kiunoni, akaapa kwamba kwenye banda lile hatakanyaga tena, akaondoka kwake analia. Mpole akaendelea kugonga mpini.

* * *

Jioni Bosi alikuwa anaosha ndoo, simu ya Mpole ikawaka pale kwenye chaja dirishani. Aliyetuma ni "Fundi Bomba".

Bosi akacheka peke yake. Nyumba yenyewe haina bomba, maji wanachota kisimani.

Akasoma: "Mpenzi nimeridhika kabisa, tangu asubuhi namfikiria. Jumamosi nakuja kumalizia. Mkeo asijue kama tulivyokubaliana."

Ndoo ikaanguka. Hakumwita mtu. Alibonyeza namba, na sauti ya mwanamke ikaitika kwa bashasha:

"Haloo mpenzi!"

"Siyo mpenzi wako. Ni mke wake. Nataka unieleze kitanda changu umekipata kwa shilingi ngapi."

"Kitanda? Ngoja kwanza, dada yangu. Mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, wateja wote nawaita mpenzi, hata mzee wa msikitini namwita mpenzi. Mumeo ameniuzia yule ng'ombe mwekundu."

"Yupi?"

"Yule anayeitwa Bibi Harusi. Nilikuja leo asubuhi ulipotoka, nikamkagua, mzima wa afya, nikalipa nusu. Kwani si mliafikiana?"

"Mguuni ulimwona na kitambaa?"

"Kitambaa gani? Kwani anaumwa?"

Bosi akakata simu. Baadaye aliniambia, "Jirani, heri angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningemfukuza."

Maana Bibi Harusi si ng'ombe tu pale nyumbani. Alizaliwa siku Bosi alipoolewa, ng'ombe aliyemzaa akafa usiku uleule, na bibi harusi akamlea ndama kwa chupa akiwa bado na hina mikononi. Ndiye anayetoa nusu ya maziwa ya nyumba.

Akaenda bandani. Mpole alikuwa anamwaga majani kwenye hori.

"Lete koti ulilovaa asubuhi."

"La nini?"

"Lete!"

Bosi akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kitambaa chekundu, bado kina fundo lake.

Mpole akakaa chini palepale kwenye samadi.

"Ulikifungua," Bosi akasema. "Mnunuzi asijue kama ni mgonjwa."

"Nilitaka kukirudisha. Nikamsindikiza mpaka barabarani, kurudi nikakuta mama ameshakamua, mchukuzi ameshabeba madumu."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ungempigia karani akayaweka pembeni! Neno moja tu!"

"Niliogopa, mke wangu."

"Ukaogopa! Halafu mchana ukachuchumaa pale unagonga mpini, mama yako na mimi tunararuana roho! Mama mzima kaondoka analia, na wewe unatuambia nyote mna haki?"

Mpole akafuta samadi mikononi.

"Pesa umepeleka wapi?"

"Saruji. Iko dukani, nimeshalipia. Mkaguzi alisema mwisho wa mwezi kama sakafu ya banda ni tope, tunafungiwa. Nilitaka siku ya ukaguzi uamke ukute zege."

"Zege la kumlaza nani? Ng'ombe umemuuza!"

Nilipokuwa, nyuma ya uzio, ilibidi nijizibe mdomo.

"Umekonda," Mpole akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Unaamka kabla ya jogoo, unakata majani, unakamua, unasugua. Ukiingia ndani unazungumzia bei ya pumba, ukitoka unazungumzia mkaguzi. Nikikugusa umeshalala. Mke wangu nampata saa ngapi? Nilisema tupunguze mmoja, upumue."

Neno lile lilimpata Bosi, nilimwona.

"Hilo ungeniambia mimi," akasema taratibu. "Tungegombana, tukanuniana, tukaamua. Lakini umempa mtu baki mgonjwa ukasema mzima. Umewanywesha watu dawa. Na umeniacha nimtukane mama yako kwa kosa lako. Sasa sikiliza. Mimi kesho pale kituoni sitafungua mdomo. Ukisema, urudi nyumbani. Usiposema, hao ng'ombe wenyewe nitawafunga kamba na kuondoka nao, na wewe ubaki na zege lako."

* * *

Asubuhi kituo kilijaa kama msiba. Mama mkwe naye alikuja, akakaa mbali na mkwewe, kila mmoja ameangalia kwake.

"Nyumba ya Bosi," mkaguzi akaita. "Nani aliyefanya?"

Bosi aliangalia vidole vyake. Karani akafungua kalamu.

"Mnafuta?" mwenyekiti wa kikundi akauliza.

"Nafuta."

Hapo mama mkwe akasimama. "Niandikeni mimi. Mimi ndiye niliyekamua. Macho yangu—"

"Mama, kaa chini."

Sikuamini kama ni sauti ya Mpole. Alikuwa nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Mama hana kosa, macho yake ni mazima. Mke wangu alifunga kitambaa. Mimi ndiye niliyekifungua, nilikuwa namuuza ng'ombe mgonjwa kwa siri. Nikajua maziwa yameshaondoka, nikanyamaza. Jana nzima nikanyamaza."

Kelele zikalipuka.

"Mpole? Huyuhuyu?"

"Kumbe upole wote ule ni wa kufichia mambo!"

"Maziwa yangu nani atalipa?"

"Mimi," Mpole akasema. "Saruji narudisha dukani leo, mnunuzi namrejeshea chake. Maziwa yenu nitayalipa kwa maziwa, ng'ombe akipona. Kama kuna wa kufutwa, nifuteni mimi kwenye uanachama. Namba muachieni mke wangu."

Mkaguzi akamwashiria karani aweke kalamu chini.

"Namba inasimamishwa, haifutwi. Sampuli zikitoka safi, mtarudi. Na sakafu?"

"Mawe yapo mtoni," mwenyekiti akadakia, bado kanuna. "Atayabeba mwenyewe mpaka yatoshe. Sisi tutakuja kuyapanga. Kwa ajili ya Bosi, siyo kwa ajili yake!"

Bosi akainuka, akamwendea mama mkwe, akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nilikutukana bila kosa."

"Inuka, utachafua nguo," mama mkwe akamshika mkono. "Na mimi nilikujibu vibaya. Huyu mwanangu ndiye nitakayemchapa, ukubwa wake haunihusu."

Watu wakacheka, kile kicheko cha hasira ikiwa bado ipo kifuani.

Mpole akaja mpaka mbele ya mke wake, kichwa chini.

"Nirudi nyumbani?"

Bosi hakumjibu. Akachomoa kile kitambaa chekundu kwenye khanga, akamvuta mkono, akamfunga kwenye kifundo kwa fundo la mara mbili, akakaza mpaka mwanaume akakunja uso.

"Hiki ni cha nini tena?"

"Uko kwenye matibabu. Unakula peke yako, unalala peke yako, huchanganywi na wazima."

"Mpaka lini, mke wangu?"

"Mpaka nikupime mwenyewe. Na ole wako nikikikuta mfukoni."

Akamwekea madumu matupu yote mikononi, akamshika mama mkwe mkono, wakatangulia. Mpole akafuata nyuma, kitambaa kinapepea, na njia nzima hakuna aliyethubutu kumwambia akifungue.