Theluji Njiani kwa Wakwe

Ijumaa, tarehe 10 Julai. Asubuhi ile Durban kulikuwa na jua zuri na upepo mdogo kutoka baharini. Vijana walipita barabarani wamevaa fulana tu.

Pontien alikuwa akipakia kombi yake, basi dogo, mbele ya nyumba, karibu na eneo la viwanda la Jacobs. Pontien ni Mrundi na anafanya kazi katika kiwanda cha magodoro. Siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa. Alikuwa anampeleka mdogo wake, Bertrand, kwa wakwe Johannesburg. Kesho yake Bertrand angetoa mahari ya mchumba wake, Ghislaine.

Kwa wakwe hakuendwi mikono mitupu. Kombi ilijaa kreti za soda na za bia. Chini ya kreti kulikuwa na mablanketi mawili mazito, mapya, yamefungwa kwa utepe mwekundu. Hayo yalikuwa zawadi kwa mama yake Ghislaine.

"Panga vizuri," alisema Bibi Akimana, mama yao. "Na mtu asiguse. Kitu cha wakwe hakifunguliwi njiani. Ukikifungua, umeidharau nyumba unayokwenda."

Bibi Akimana alikuwa amefunga. Familia nzima ilifunga. Ndiyo desturi yao katika safari ya mahari: hawali wala hawanywi mpaka wafike na kushukuru. Lakini Bibi ana ugonjwa wa sukari. Alfajiri alikuwa amemeza dawa yake kama kawaida, na hakula kitu juu yake.

Jirani yao Atupele alifika akiburuta mfuko mkubwa. Atupele ni Mtanzania, mfanyakazi wa afya wa mtaa. Yeye ndiye anayempima Bibi sukari. Naye alialikwa kwenye sherehe.

Bertrand alimtazama akacheka. "Dada Atupele, unahama?"

"Cheka tu, bwana harusi. Humu mna mablanketi, maji, mikate na tochi. Niliishi Harrismith, kule juu ya mlima. Huu ni msimu wa baridi, na Julai ya kule si Julai ya hapa."

"Eish, dada," alisema Pontien. "Nafasi iko wapi? Safari yenyewe ni ya saa sita au saba tu. Tena tumefunga. Chakula cha nini?"

"Redio imesema theluji inaweza kuanguka kule mlimani leo."

Pontien aliangalia juu. Anga lilikuwa safi, bila wingu. "Theluji? Dada, hapa watu wanaogelea baharini. Mungu iko. Acha mfuko."

Alimchukulia mfuko wake akauweka mlangoni. Atupele hakutaka kugombana siku ya furaha ya watu. Alichukua koti lake tu.

Waliomba, wakaondoka.

Mpaka Pietermaritzburg kulikuwa na jua. Walipopita Estcourt jua likapotea. Médiatrice, mke wa Pontien, alijifunika kanga mabegani. Miguuni alikuwa na kandambili.

"Papa Bonheur, washa joto la gari," alimwambia mumewe. Bonheur ni mtoto wao. Walikuwa wamemwacha Durban kwa Diane, rafiki wa Médiatrice.

"Nawasha. Lakini mafuta si mengi, tutajaza mbele."

Barabara ilianza kupanda mlima kuelekea Van Reenen. Malori ya makontena kutoka bandarini yalikuwa yanakwenda polepole, moja nyuma ya jingine. Kisha yakasimama. Pontien naye akasimama.

Ndipo kitu cheupe kikatua kwenye kioo. Kikaja kingine, na kingine.

"Ni majivu?" aliuliza Médiatrice. "Kuna moto?"

"Ni theluji, Mama Bonheur," alisema Atupele.

Theluji ilianguka bila sauti. Mvua hugonga bati na upepo hupiga mlango, lakini hii haikubisha hodi. Kwanza nyasi zikapotea, halafu uzio. Milima mikubwa ikafutika. Makontena mekundu na ya buluu yakawa yote rangi moja. Bertrand aliteremsha kioo akatoa kiganja nje. Chembe moja ilitua juu ya kidole chake. Ilikuwa kama nyota ndogo iliyofumwa kwa mkono. Aliitazama mpaka ikayeyuka.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Na hizi zote amezitengeneza moja moja?"

Kwa muda walifurahi. Kisha baridi ikaingia.

Dereva wa lori lililokuwa mbele alikuja akagonga kioo. Alisema barabara imefungwa mbele na nyuma, na matrekta ya kusafisha yanakuja, lakini hajui saa ngapi.

Médiatrice aligeuka kumwangalia mama mkwe wake. "Mama, unatoka jasho."

Kweli. Ndani ya baridi ile, paji la uso la Bibi Akimana lilikuwa limelowa. Mikono yake ilitetemeka.

"Mwambieni Salvator afunge ng'ombe," alisema Bibi kwa sauti ya kulegea. "Wataingia kwenye maharage."

Hapakuwa na ng'ombe. Salvator ni kaka wa mama yake Ghislaine, na alikuwa Johannesburg akiwangoja.

"Sukari yake imeshuka," alisema Atupele. "Nilidhani yeye hakufunga; bila shaka alimeza dawa na hakula. Anahitaji kitu kitamu sasa hivi. Nani ana peremende? Juisi?"

Hakuna aliyekuwa na kitu. Wote walikuwa wamefunga.

"Basi fungua soda."

Pontien alishika usukani kwa mikono miwili. "Dada, ni soda ya wakwe. Mama mwenyewe amekataza."

"Kaka Pontien, nisikilize. Sasa hivi anaweza kumeza. Akizimia, hatutaweza kumpa kitu chochote mdomoni, maana kitampalia. Unataka kuwafikishia wakwe kreti kamili na mama hoi?"

Pontien alifumba macho. Aliomba kimoyomoyo. Kisha akaruka nyuma, akavuta kreti na kung'oa kizibo kwa meno.

Atupele alimnywesha Bibi soda kidogo kidogo, kiasi cha nusu chupa. "Sasa tunangoja robo saa. Asipopata nafuu, tutampa tena. Bertrand, toa yale mablanketi."

"Ya mama mkwe?"

"Ndiyo hayo."

Bertrand aliinua kreti moja baada ya nyingine. Mablanketi yalikuwa chini kabisa. Alikata utepe mwekundu. Moja walimfunika Bibi kichwa mpaka miguu, la pili wakajifunika wengine. Médiatrice akajibana naye ndani ya blanketi la Bibi, na Atupele akawapa koti lake wafunike miguu.

"Mimi nitashuka niende kwa miguu," alisema Bertrand. "Pale mbele kuna kituo cha mafuta. Nitaleta chakula."

"Kaa hapo," alisema Atupele. "Umevaa raba za kitambaa. Huko nje huoni hata hatua ishirini. Gari linaonekana, wewe huonekani. Watu wengi hupotea wakiwa karibu kabisa na gari lao."

"Basi tuache injini iwake," alisema Pontien. "Tupate joto."

"Kwanza shuka uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Bomba likiziba, moshi unarudi ndani. Una sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Halafu washa dakika kumi hivi, uzime. Saa ijayo washa tena. Na kila ukiwasha, acha kioo kimoja wazi kidogo. Hivyo mafuta hayataisha upesi."

Pontien alishuka. Alichimba theluji kwa mikono mitupu na kwa sahani ya plastiki. Aliporudi vidole vyake vilikuwa vigumu kama kuni.

Robo saa ilipita. Bibi Akimana alifungua macho. Aliangalia chupa, akaangalia utepe uliokatwa.

"Nani amefungua vitu vya wakwe?"

"Mimi, Mama," alisema Pontien.

"Haya," alisema Bibi. "Ilikuwa tamu?"

"Wewe ndiye uliyekunywa, Mama."

Médiatrice alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena.

Dereva wa lori aliwaletea mkate na karanga. Bibi alikula. Wengine nao wakala. Pontien alisema sala fupi: "Bwana, tulifunga ili tukuheshimu. Sasa tunakula ili tuishi. Pokea vyote viwili."

Saa kumi theluji ilikoma. Mawingu yalipasuka na jua la jioni likaingia. Pontien alisafisha kioo. Mlima mzima ulikuwa umesimama mbele yao, mweupe tangu mguu mpaka kichwa. Jua liliugusa ukawa wa waridi, kisha wa dhahabu. Malori yote ya bandarini, ambayo Durban huonekana makubwa sana, yalikuwa kama punje za mchele zilizomwagika mlimani.

"Nimeishi miaka mingi," alisema Bibi Akimana taratibu. "Sikujua kama Mungu ana nguo hii."

Na Pontien, aliyesema asubuhi kwamba Mungu yuko, alijiona mdogo. Aliogopa na kufurahi kwa pamoja. Nguvu zile zilimpita karibu, na mama yake alikuwa bado anapumua.

Matrekta yalifika kabla ya giza. Barabara ikafunguka.

Jumamosi sherehe ilifanyika. Salvator, msemaji wa nyumba ya bi harusi, aliangalia zawadi akakunja uso.

"Wakwe zetu, Warundi wa Durban. Blanketi hili limelaliwa. Na soda moja imenywewa. Kwenu ndivyo mnavyooa?"

Pontien alisimama akaeleza yote, bila kuficha hata mfuko aliouacha mlangoni. Marie-Jeanne, mama yake Ghislaine, aliinuka akalichukua blanketi, akajifunika nalo.

"Limeokoa mama kabla halijafika kwangu," alisema. "Silibadilishi na jipya."

Jumapili, baada ya kanisa, walikuwa tayari kurudi Durban. Lakini Marie-Jeanne alikataa waondoke. "Kwanza mfuko," alisema. Atupele aliketi uani, na kila mtu akaleta kitu.

"Mablanketi, moja kwa kila mtu," alisema Atupele. "Soksi, glavu na kofia za sufu. Maji ya kunywa. Msijaze chupa mpaka juu, maana maji yakiganda hutanuka na kuipasua."

"Mimi nina karanga na biskuti," alisema Ghislaine.

"Vizuri. Chakula kisichohitaji kupikwa. Peremende na juisi ni za Bibi. Dawa zake pia, za siku zaidi ya zile za safari. Tochi. Betri ya kuchajia simu. Filimbi. Koleo dogo. Bandeji na dawa za vidonda. Kitambaa cha rangi kali, mkifunge nje ya gari ili waokoaji wawaone."

Salvator alileta jiko dogo la mkaa. "Na hili? Litawapa joto."

"Hilo hapana, mjomba. Mkaa ndani ya gari unaua kama ule moshi wa injini."

"Eish. Basi nitachomea nyama," alisema Salvator, akalirudisha.

"Mambo mengine hayaingii mfukoni," aliendelea Atupele. "Jazeni tangi kabla ya kupanda mlima. Sikilizeni hali ya hewa ya kule mnakokwenda, si ya hapa mlipo. Wakisema theluji, ahirisheni. Na mtu wa sukari asifunge kabla ya kuongea na muuguzi au daktari."

"Na maombi?" aliuliza Bibi Akimana.

"Bibi, Mungu anayeleta theluji ndiye aliyewapa watu akili ya kufuma sufu. Omba, kisha vaa soksi."

Bertrand alibeba mfuko kuupeleka nyuma, chini ya mizigo.

"Si huko," alisema Pontien haraka. "Ndani. Pale mkono unapofika."

Marie-Jeanne aliita watu wote waje karibu na kombi. Alimshika Ghislaine mkono.

"Binti yangu anakuja kuwa wenu," alisema. "Atapita mlima ule kila Krismasi na kila Julai akija kuniona. Nataka kusikia neno la ahadi, na nataka hawa wote walisikie."

Bertrand alifungua mdomo, lakini Pontien akamgusa bega. "Mimi ndiye niliyeuacha mfuko," alisema. Alivua kofia. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mbele amevaa soksi za sufu, anatafuna mkate.

"Mbele za Mungu na mbele yenu nyote," alisema Pontien kwa sauti ya kusikika uani kote, "kombi hii haitaondoka mlangoni kwangu kwenda mlimani mpaka mfuko uwe ndani, na kila atakayepanda awe na blanketi lake, na mama yangu awe ameshiba. Nikisahau, mtu yeyote wenu ana haki ya kuninyang'anya funguo."