Vioo vya Giza, Barabara ya Dongo Kundu

"Pazia limemchukua bibi harusi," ilisema sauti simuni. "Jeupe kwa nje. Ndani halionekani."

Kanze Ngowa alikiacha kikombe cha kahawa tungu mezani, bado kinafuka moshi.

"Lini?"

"Asubuhi hii. Changamwe."

Katika lugha ya idara yao ya ujasusi, pazia ni gari, na bibi harusi ni mtu aliyetekwa.

Mtu mwenyewe alikuwa Bonface Kioko, mhandisi wa umeme kule Kipevu. Alikuwa ametoka kwake kwenda kazini, Toyota HiAce nyeupe ikamsimamia miguuni. Mlango ukafunguka. Mlango ukafungwa. Mkewe Milcah, aliyekuwa dirishani akimsindikiza kwa macho, alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia polisi: vioo vya gari vilikuwa vyeusi tititi.

Kichwani mwa Bonface mlikuwa na namba za siri za kuzima umeme wa bandari nzima. Na bandarini, katikati ya makontena yasiyo na idadi, lilikuwamo moja lililosheheni bunduki. Genge la wageni lilitaka kulitoa humo gizani, kamera zikiwa zimelala. Idara ilijua kwamba lipo. Haikujua ni lipi.

"Wakimvusha mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania watamkamua kama tui," alisema Sharif, mkuu wake, kwa ile sauti yake ya Kisauni isiyo na haraka. "Na wakiona bunduki ya serikali njiani, watamuua papo hapo. Wanifahamu, Kanze?"

"Nakufahamu, mzee."

"Basi si sisi tutakaowasimamisha. Ni sheria ya barabarani."

Gari la abiria halina ruhusa ya vioo vya giza, na hilo kila dereva alijua, hata wale waliojifanya hawajui. Siku hiyo trafiki wangefanya msako wa tinti. Msako wa kelele, wa kubanduliwa vioo hadharani, ambao Mombasa nzima imeuzoea kiasi cha kuulaani bila kuushuku.

Kanze akavaa kofia nyeupe ya trafiki. Chini ya kizibao cha kung'aa akaficha bastola yake, Glock 17. Sikioni akatia kisikizi cha redio, kidogo kama punje ya mtama.

* * *

Walitega pale barabara ya Dongo Kundu inapoiacha Miritini. Ndiyo njia ya kuelekea kusini bila kupanda feri. Mwenzake, Matthew, alitandaza misumari njiani na kuliegesha gari lao, Probox, kwenye kichaka, pua nje.

Mawingu yalikuwa yameshuka, yamegoma kunyesha. Hewa ilikuwa nzito. Malori ya makontena yalipita taa zikiwaka mchana kweupe, na kila moja lilipopita ardhi ilitetemeka, kisha kimya kilirudi kikiwa kizito zaidi.

Madereva waliteta, wakaapa wallahi gari walilinunua hivyo hivyo. Karatasi za tinti zilizobanduliwa zilitapakaa lami kama magamba ya nyoka.

Redio ikakwaruza sikioni.

"Pazia limeonekana, Changamwe. HiAce nyeupe. Vioo vyeusi. Namba nimewatumia. Laja kwenu."

"Nimepata."

Kanze akafungua kifungo kimoja cha kizibao.

Dakika chache baadaye akasema mlinzi wa pili, aliyewekwa karibu nao zaidi.

"HiAce nyeupe imenipita Miritini stesheni. Namba ni zile zile. Lakini vioo vi wazi."

"Rudia."

"Vi wazi kama glasi ya maji. Namwona mgonjwa na daktari wake. Hilo silo, dada."

Kanze aliikazia macho barabara. Hakuna fundi awezaye kubandua tinti kwenye gari linalokimbia.

Akaiona ikija.

* * *

HiAce ilisimama kwa adabu. Nyuma ya dereva palikuwa na ukuta wa bati uliokitenga chumba cha abiria. Kupitia dirisha la ubavuni kila kitu kilionekana: kitanda, mtungi wa oksijeni, mtu aliyefungwa bendeji uso mzima. Kando yake aliketi mgeni mwenye koti jeupe. Alimtazama Kanze bila kupepesa. Akatabasamu.

"Sasa madam," alisema dereva, lafudhi ya Nairobi. "Tunakimbiza mgonjwa Diani. Hali si poa."

"Pole sana. Ameumia nini?"

"Stima. Umeme wa nyumbani umemchoma vibaya."

Kanze akakibandika kipimo cha mwanga kwenye kioo. Namba zikatulia. Kioo kilikuwa halali kabisa.

Lakini kidole chake kilikuwa bado kimekigusa. Kilikuwa kinavuma. Kwa mbali sana, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Akashusha macho. Kwenye ukingo wa mpira palipita waya mwembamba wa shaba.

Kioo kinachokula umeme. Ukikipa, kinang'aa. Ukikinyima, kinakuwa usiku.

"Zima gari," alisema.

Tabasamu la dereva lilikufa.

"Madam, haiwezekani. Mashine ya oksijeni inatumia umeme wa gari. Nikizima, huyu mtu anakufa. Utaambia nini watu wake?"

Kanze alimtazama aliyelala. Kifua kilipanda, kikashuka. Kama alikuwa amekosea, angekuwa amemuua mgonjwa wa watu barabarani, na kofia ya trafiki kichwani. Hakuna mtu duniani aliyeweza kumwamulia.

Akapenyeza mkono dirishani, akauzungusha ufunguo kuzima.

Injini ikanyamaza.

Na vioo vyote vikaingia giza kwa mpigo mmoja.

Hakuona tena kitanda. Hakuona mgonjwa. Aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi, na nyuma ya kioo kile, bila shaka, kulikuwa na mtu mwenye silaha.

Akajitupa chini.

Risasi ilipasua kioo pale kifua chake kilipokuwa. Matthew alishamvuta dereva nje kwa ukosi na kumlaza kwenye lami, bastola kisogoni.

"Nitammaliza!" sauti ilipaa kutoka ndani, Kiswahili cha kujifunza ukubwani. "Washa gari! Ondoa misumari!"

Kanze alitambaa chini ya usawa wa vioo, magoti yakichunika, hadi nyuma ya gari. Akasimama taratibu kando ya dirisha la mwisho. Akaitoa Glock. Mbele yake palikuwa na weusi mtupu. Kufyatua kwa kubahatisha kungekuwa sawa na kumuua Bonface kwa mkono wake mwenyewe.

Akanong'ona redioni.

"Matthew. Mpe alichoomba."

"Nini?"

"Washa."

Matthew akaingiza mkono. Ufunguo ukazunguka.

Giza likayeyuka kwenye kioo, na yule mtu akatokea mzima mzima. Alikuwa amepiga goti, mgongo kwa Kanze, bastola ameielekeza mlangoni, akimngoja aingie huko.

Kanze alifyatua mara moja.

Bastola ikaanguka. Yule mtu akaanguka juu yake, bega limepasuka, akilia kama mtoto.

* * *

Chini ya bendeji palikuwa na utepe wa gundi mdomoni, na chini ya utepe palikuwa na Bonface Kioko. Alivuta pumzi kwa fujo.

"Milcah..."

"Yuko salama. Aliliona gari."

Mhandisi akalia bila sauti. Kanze alimshika bega mpaka alipotulia.

Ndipo simu ikaita mfukoni mwa koti jeupe.

Kanze akaitoa, akampa Matthew. Matthew akaipokea, akanguruma tu.

"Mmevuka?" sauti iliuliza. Sauti ya upole. Upole wake ulitisha kuliko kelele.

"Bado. Kuna msako wa tinti," Matthew alisema kwa sauti ya mtu aliyefunika mdomo.

"Hamkubonyeza?"

"Vimekwama."

Sauti ikashusha pumzi kwa kuchoka. Ikaanza kueleza: kitufe kiko chini ya usukani, ukishike, usikiachie. Sikioni mwa Kanze, Sharif alinong'ona, "Mwacheni aseme. Vijana wamenasa simu yake. Yuko Kipevu."

"Kishike mpaka taa iwe kijani," sauti iliendelea. "Kisha..."

Upande wa pili wa simu mlango ukavunjwa. Viatu. Ukelele mmoja. Kimya.

"Kanze," alisema Sharif.

"Abee."

"Tumemkuta ghalani, ameegemea kontena lenyewe la bunduki. Ahsante, mwanangu."

Tone la kwanza la mvua likagonga lami. Dereva, pingu mikononi, aliinua uso wake kutoka chini.

"Madam, niambie basi. Nashtakiwa nini?"

Kanze alivua kofia nyeupe, akaikung'uta vumbi, akampa Matthew.

"Kwa sasa? Vioo."

Akamwachia wafungwa na gari, akageuka, akaishika njia ya Miritini kwa miguu, kati ya malori, mvua ikimnyeshea.